Uzi wa Sabuni ya Mwasiti

Rumonge, 3 Rajabu 1327

Kwa mdogo wangu Nasoro bin Alimasi, aliyeko Ujiji dukani kwa Mhindi,

Salamu nyingi. Baada ya salamu nianze na malalamiko, maana nikikuandikia kwamba hali ni njema nitakuwa nimekudanganya mstari wa kwanza.

Tangu marehemu mume wangu azame na mtumbwi wake pale Gitaza, nimekuwa nikipika sabuni. Unajua namna yake: mawese, majivu ya maganda ya ndizi, chungu, moto, na mkono wa kukoroga mpaka bega lilie. Sabuni yangu inatoa uchafu. Siisifu kwa kuwa ni yangu. Hata Kulthumu jirani yetu, ambaye hajapata kusifu kitu cha mtu tangu azaliwe, alinunua tonge moja, akarudi kununua la pili. Lakini mji una nyumba nyingi na Kulthumu ni mmoja. Watu wanapita mbele ya mkeka wangu wakienda kwa Mhindi wa hapa kununua mche wa sabuni ya Ulaya, kwa sababu una herufi zilizogandamizwa ubavuni. Kusoma hawajui, ila herufi wanazitaka.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi changu kizuri huu mwezi wa nne kimekaa mkekani kinangoja kujiuza.

Jambo lenyewe ni Mwanvua. Mdogo wetu ametimiza miaka kumi na saba, na Mzee Hadji wa Nyanza, yule mwenye mitumbwi ya ndagala na wake watatu, ameleta posa. Mwanvua analia kila akitajiwa jina lake. Mimi nilimwahidi mama, siku anakata roho, kwamba mtoto huyu hataolewa kwa ajili ya kula. Sabuni ikitulisha, nitamkatalia Hadji. Isipotulisha, sina la kumwambia.

Wewe una miaka mitano dukani. Unaona vitu vinavyonunuliwa na vinavyolala. Niambie mtu asiye na kitu hufanya nini ili ajulikane.

Mwanvua anakusalimu. Anasema sauti yake sasa inafika ng'ambo ya mto, na wewe uliyekuwa ukimcheka utajuta.

Dada yako,
Mwasiti binti Alimasi


Ujiji, 12 Agosti 1909

Yaya Mwasiti, shikamoo.

Dada yangu, barua yako ilinifikia nikiwa juu ya ngazi napanga kaniki. Nimeisoma nikacheka, kisha nikaona haya kwa kucheka.

Kizuri chajiuza ni maneno ya mtu mwenye duka tayari. Tajiri wangu ana nyumba nzima ya bidhaa, na bado kila asubuhi anamtuma mtu atandaze shali za Bombay kizingitini ili wapita njia wazikanyage kwa macho. Watu hununua walichokwisha kukiona. Wewe umeificha sabuni ndani ya majani ya mgomba, unataka waiote?

Sikiliza. Chukua merikani iliyochakaa, chafu kabisa. Fua nusu yake kwa sabuni yako, nusu nyingine iache na taka zake, kisha itundike pahali pa watu. Mwenye macho haambiwi tazama. Wala usikae sokoni tu ukingoja soko. Nenda penye maji, watu wakuone unafua. Na huyo Mwanvua mwenye sauti ya kufika ng'ambo, mbona umemnyamazisha? Tajiri wangu angemlipa mtu kama yeye. Wewe unaye bure nyumbani.

La mwisho ndilo ninaloliona kubwa. Sabuni ya Ulaya ina alama, yako haina. Huwezi kugandamiza herufi, basi mpe mnunuzi alama aondoke nayo mwilini. Robota moja la uzi wa sufu mwekundu liliingia maji mashuani. Uliolowa tajiri kanipa mimi, na ninakutumia kwa mashua hii. Kila anayenunua tonge, mfunge uzi shingoni. Akienda kisimani wataulizana: uzi huo wa nini? Ataeleza. Shingo ya mtu itakufanyia kazi mchana kutwa bila kula chakula chako. Mwanvua afungwe wa kwanza.

Usimpe Hadji jibu lolote. Mwambie msichana ana homa.

Mdogo wako,
Nasoro


Rumonge, 20 Shaabani 1327

Kwa Nasoro, mwalimu wa biashara ya watu wengine,

Nimefuata maneno yako yote, na la kwanza nusura linifunge. Merikani yako ya nusu kwa nusu niliitundika juu ya mti mrefu kando ya njia. Ilipendeza. Siku ya pili wakapita askari wawili wanatoka Usumbura. Mmoja akasimama, akaangalia juu, akauliza: "Bendera ya nani hii?" Nikamwambia si bendera, ni sabuni. Akasema: "Mama, mu inchi hii iko bendera moja tu, ya Kaiser. Hii yako inasema Kaiser iko muchafu nusu?" Wallahi Nasoro, nilicheka, nikaona mwenzangu hacheki. Mti ukakatwa, merikani ikachukuliwa, nami nikaambiwa nishukuru.

Basi tukahamia kivukoni, pale njia ya Bugarama inaposhukia mtoni. Watu wote wa mlimani wenye mizigo hupita hapo. Mwanvua anakaa jiweni miguu majini tangu asubuhi, anafua nusu nusu mbele za watu, na anaimba maneno aliyoyatunga mwenyewe:

Njoo ufue, njoo uone,
mawese yametakata;
asiye na uzi shingoni
nguo yake inanata.

Watu wanacheka, wanatua mizigo, wananunua. Si wengi, lakini wapo. Uzi wako unapendwa na wanawake kuliko nilivyodhani, wanasema unawapa shingo ndefu. Taabu ya pale ni mbung'o tu. Kichaka ni kizito na wanauma kupitia nguo. Mwanvua ana alama mikono yote, anawaua huku anaimba, hakosei hata neno. Ninamhurumia, lakini pahali pengine penye watu kama pale sina.

Hadji alituma mtu. Nimemjibu la. Nimelitamka kwa kinywa changu, nikiwa na unga wa siku nne ndani. Usiniache katika njia hii, maana wewe ndiwe uliyenionyesha.

Dada yako,
Mwasiti


Rumonge, 12 Mfungo Mosi 1327

Mdogo wangu Nasoro,

Idd imepita na barua yako sikuiona, lakini leo siandiki kulalamika. Mungu amefungua mlango.

Baada ya Idd walikuja watu wa daktari Mdachi kwa mashua kutoka kusini. Wanatafuta malale, ule ugonjwa wa usingizi ambao wengine wameuona Nyanza. Wanapanga watu mstari, wanawapapasa shingo kwa vidole viwili. Ukikutwa na tezi zimevimba nyuma ya shingo unaandikwa, na aliyeandikwa huchukuliwa kambini. Katika waliochukuliwa Nyanza hatujasikia aliyerudi. Wengine wanasema sindano za huko zinapofusha macho. Basi ulipolia mluzi wa askari mji ulikuwa kilio.

Mkubwa wa wapapasaji ni karani mmoja jina lake Mbaraka, kijana wa kanzu safi. Alipofika kwa Mwanvua akamtazama shingoni, hakumgusa, akasema, "Mwenye uzi apite huku." Na Kulthumu akapita. Na wateja wangu wote waliokuwa na uzi wakapita, Nasoro, mmoja mmoja, bila kuguswa! Mimi najua sababu yake. Asubuhi ile Mbaraka alikuwa amesimama kivukoni akimsikiliza Mwanvua akiimba, mpaka akasahau kuvuka. Mtoto wa kiume akipendezwa hujulikana. Amewafanyia hisani wateja wetu kwa ajili yake.

Tangu siku hiyo sina nafasi ya kukaa. Wanakuja kabla sijawasha moto. Wengine wananunua tonge, wanafungwa uzi, halafu tonge wanaliacha mkekani. Kulthumu alinunua matatu kwa ajili ya mama yake na shangazi zake, akaondoka na nyuzi tatu. Nikamwita, "Sabuni yako hii!" Akasema, "Wekea wengine." Iliniuma kidogo, maana nimeipika kwa mkono. Lakini sasa najua wateja wangu wote kwa majina, nyumba kwa nyumba, jambo ambalo hata Mhindi hawezi kujisifu nalo.

Uzi unakwisha. Tuma mwingine upesi.

Dada yako mwenye furaha,
Mwasiti


Ujiji, 20 Novemba 1909

Yaya Mwasiti, shikamoo.

Barua zako mbili zilifika siku moja. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Hongera, umenishinda mimi mwenye duka.

Kuhusu huyo karani, usimuulize kwa nini anawapitisha wenye uzi. Mlango ukifunguka mtu huingia, hasimami kuuliza nani amefungua. Usimtaje wala usimsogelee.

Ninakutumia uzi mwingine. Huu haukulowa, ni mzuri, na ndio wote uliobaki hapa dukani. Uweke ndani pasipoonekana. Usiwape watu bure, aupate anayenunua tu. Na Mwanvua asiuvue wa kwake, hata akioga. Wewe pia ufunge wako. Nisikilize katika hili, yaya, hata kama katika mengine hunisikilizi.

Nilikusudia kuja baada ya mwezi huu, lakini tajiri ana shehena inayoingia.

Mdogo wako,
Nasoro


Rumonge, 8 Mfungo Sita 1328

Kwa mdogo wangu Nasoro,

Naomba umwandikie Mwanvua barua ya kumgombeza, maana mimi ameshanizoea.

Biashara ipo. Daktari sasa amejenga kambi yake hapa hapa, juu kidogo ya mji, na mstari wa kupapaswa unapangwa kila mwezi. Kwa hiyo uzi hautafutwi na wanaopenda sabuni tu, unatafutwa na kila mtu. Nimenunua chungu cha pili. Chakula tunakula. Lakini msichana amebadilika. Tangu mvua zianze alikuwa na homa ya kuja na kuondoka, na kichwa kinamuuma, nikampa dawa za nyumbani. Homa ilipotulia akabaki na uvivu ambao sijauona kwa mtu. Namkuta kivukoni nguo iko mkononi, maji yanaipeleka, yeye anasinzia. Wateja wanachukua uzi na kuondoka bila kulipa, anawatazama tu. Wimbo wake mwenyewe anausahau katikati. Juzi alianza mstari wa kwanza mara tatu, akanyamaza, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemwibia maneno.

Nikimwamsha anasema, "Yaya, nalala kidogo tu, usiniitie watu." Halafu anakasirika bure, yeye ambaye hakuwa na hasira. Wiki iliyopita alisinzia huku uji uko kinywani. Nilimpiga kofi, Nasoro. Kwa mkono ule ule ninaokorogea sabuni. Hakulia, alinitazama tu, akalala tena.

Nadhani ni kujidekeza, kwa kuwa sasa hatuna shida. Au ni huyo Mbaraka amemwingia moyoni. Wewe alikuwa akikuogopa kidogo, mwandikie maneno makali.

Dada yako,
Mwasiti


Ujiji, 9 Aprili 1910

Yaya,

Nimempa nahodha barua hii mkononi na kumwapisha. Isome peke yako, kisha ufanye nitakalokuambia leo leo.

Mpapase Mwanvua shingoni. Nyuma, pembeni, chini ya masikio. Kama kuna vinundu vinavyoteleza chini ya kidole, si uvivu. Ni malale.

Mbaraka hakumpitisha kwa ajili ya wimbo. Huku Ujiji kila anayepapaswa akaonekana hana tezi hufungwa uzi mwekundu shingoni, ili asipangwe mstari mara ya pili. Uzi huo watu wa daktari waliununua dukani kwetu, kutoka robota lile lile nililokutumia wewe. Huko Rumonge walikuja uzi umewaishia, kwa hiyo hamkuona wakimfunga mtu. Walipowaona wateja wako, walidhani ni watu waliokwisha kupapaswa huku au Nyanza.

Nilipokutumia ule wa kwanza sikujua, naapa kwa kaburi la mama. Nilikuja kujua mwezi wa Septemba, karani wao alipokuja kununua na kunieleza. Ulipoandika habari za mstari nikaelewa mara moja. Ningeweza kukuambia. Nikajisemea, ni rehema: dada zangu hawatashikwa, hawatapelekwa kambini, na sabuni inauzwa. Hata ule uzi wa mwisho ulikuwa wa watu wa daktari, wamekwisha kuuagiza, nikasema umeliwa na panya, nikakutumia wewe. Nilidhani ninawakinga. Mbung'o wa kivukoni sikuwafikiria hata mara moja, ingawa uliniandikia.

Mvue uzi, umpeleke kwa daktari. Wanasema akiwahiwa sindano husaidia. Lakini nakuomba, yaya, uzi uvuliwe nyumbani, na usiseme umetoka wapi. Wakijua watanifunga mnyororo.

Nasoro


Rumonge, 3 Mfungo Saba 1328

Kwa mdogo wangu Nasoro,

Barua yako ya kumgombeza Mwanvua bado haijafika, na pengine haina haja tena. Nina habari njema.

Kulthumu alinitia hofu. Alikuja akamkuta Mwanvua amelala jua la saa nne, akasema, "Mwasiti, huyu mutoto iko na malale, ni vile walianzaka bale ba Nyanza." Sikulala usingizi mzuri tangu hapo. Mficha maradhi kifo humuumbua, nikajisemea, bora nijue. Nikamshika mkono mtoto, nikampandisha kambini mimi mwenyewe, na watu wanatutazama kama tumepata wazimu, maana hakuna anayekwenda kule kwa miguu yake.

Mlangoni alikuwapo Mbaraka. Nikamwambia, "Bwana karani, amahoro. Mtazame mdogo wangu, analala mchana." Akamtazama shingoni, mara moja tu, jicho la mjuzi, akasema, "Muzima huyu. Rudi naye nyumbani, mama, hapa iko watu wengi wagonjwa, usimuletee magonjwa bure."

Nasoro, nilipiga magoti pale pale mavumbini. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru na Mbaraka. Njiani nilimwomba Mwanvua radhi kwa lile kofi. Nimemwita mwalimu amsomee, huenda ni jini la mtoni, na nimemwambia apumzike mpaka apone. Kivukoni nakaa mimi.

Tumemchinjia kuku. Natamani ungekuwapo.

Dada yako,
Mwasiti


Rumonge, 26 Mfungo Saba 1328

Nasoro,

Barua yako ilifika siku sita zilizopita. Nahodha aliumwa Nyanza, akakaa nayo.

Nilimpapasa amelala. Tezi ziko pande zote mbili, ndogo, zinateleza. Vidole vyangu vilikuwa vimepita pale mara ngapi nikimsuka nywele?

Nikampandisha tena kambini, safari hii nimemkodia watu wa kumbeba. Mbaraka akasema, "Mama, weye tena? Nilikuambia muzima." Nikamwambia hukumgusa. Akasema mtu wa uzi haguswi, amekwisha kuguswa. Hapo ningeweza kufanya ulivyoniomba. Ningerudi naye, nimvue uzi nyuma ya kichaka, nije naye kesho. Lakini niliona nyuma yake mstari wa watu wamekaa chini, na wanne kati yao shingoni wana uzi wangu, nao wanapitishwa. Mama yake Kulthumu alikuwa mmojawapo, ameegemea ukuta, kinywa wazi, amelala.

Nikasema, "Uzi huu si wenu. Ni wa sabuni. Nimewafunga mimi, mji mzima, na hakuna aliyepapaswa."

Mbaraka aligeuka rangi. Alinibembeleza ninyamaze, maana yeye ndiye aliyewapitisha. Lakini daktari alikuwa ametoka, akauliza, akatafsiriwa. Hakunipiga. Aliniuliza jambo moja tu: niliwauzia nani na nani?

Wewe ulinifundisha kumjua mteja. Nilipita mji na askari wanane, nyumba kwa nyumba, tangu asubuhi hadi alasiri, siku mbili. Nilisimama kila mlango nikataja jina. Wengine walikuwa wamenikaribisha kwa tabasamu, wakidhani nimeleta sabuni. Watu sitini na watatu. Kumi na tisa wamekutwa na tezi. Mama yake Kulthumu alishindwa kuamka kabisa, walimbeba. Kulthumu mwenyewe ni mzima, lakini amemfuata mama yake kambini. Alipopita karibu nami alisema, "Tulikununulia ukale, weye ukatuuza."

Jina lako sikulitaja. Sikulitaja kwa ajili ya mama, si kwa ajili yako.

Vyungu vyangu vimevunjwa vyote viwili. Sijui na nani, na sikuuliza.

Mwanvua amepigwa sindano ya kwanza na ya pili. Daktari anasema amechelewa, labda miezi mitano. Miezi mitano, Nasoro. Hesabu mwenyewe ulikuwa umeandika nini wakati huo. Ananiuliza kila siku kama unakuja. Njoo. Mashua ni siku chache tu.

Mwasiti


Ujiji, 30 Mei 1910

Yaya yangu,

Nimelia mpaka wenzangu dukani wameniuliza. Nitakuja. Tajiri hajanipa ruhusa, na wanasema mashua zinakaguliwa, na watu wa daktari wameanza kuuliza hapa habari za uzi ulioliwa na panya. Nikionekana ninapanda mashua ya Rumonge sasa hivi watajua. Wacha jambo lipoe kidogo. Mwezi ujao, inshallah, bila kukosa.

Ninamtumia Mwanvua leso nzuri ya Bombay na sukari. Mwambie kaka yake yuko njiani.

Nasoro


Rumonge, 14 Mfungo Tisa 1328

Kwa Nasoro bin Alimasi,

Mwanvua amefariki Jumatatu, adhuhuri.

Macho yalitangulia. Wiki mbili kabla alianza kuniuliza kama kumekucha, na jua lilikuwa limemjaa usoni. Daktari alisema ni dawa. Nilimwambia bado, lala. Ulituma maneno kwamba uko njiani, nikampa kama ulivyoyaandika. Alifurahi. Baada ya hapo akawa akisikia nyayo mlangoni anainua kichwa, na mara nyingi alikuwa mfagiaji wa kambi.

Leso yako nimeipokea. Sikumvisha.

Nilimwosha mimi. Kwa desturi wangekuja wanawake wanne, watano wa mji, lakini hakuna aliyepanda kambini kwa ajili ya mtu wa nyumba yangu. Nilianza peke yangu, nikawa siwezi kumgeuza na kumwagia maji kwa wakati mmoja. Kulthumu akaingia. Mama yake amezikwa wiki ile ile. Alichukua kata ya maji, akamwaga pale nilipohitaji, mpaka tukamaliza. Kisha akaweka kata chini, akatoka.

Jeneza lilibebwa na wagonjwa wawili wenye nguvu, na askari mmoja Mmanyema, na mvuvi mmoja Mrundi aliyekuwa akipita, asiyejua hata kuitikia amina. Mwalimu alikuja, Mungu amlipe. Kaburi lilipokuwa tayari akasimama ukingoni, akauliza kama inavyoulizwa: "Maharimu wake ni nani? Ashuke amupokee." Baba hayupo, mume hakuwa naye. Wakanitazama mimi. Mwalimu akasema, "Nasikia iko na kaka Ujiji. Tumungoje? Iko njiani?"

Nikamjibu kwamba kaka alikuwa naye mmoja, naye amekwisha kufa.

Akashuka yule askari, mtu asiyemjua hata jina, akampokea. Walipomaliza kufukia, mwalimu akanipa pole ya misiba miwili. Kisha akawaambia watu wainue mikono tena, akakusomea Fatiha na wewe. Usije.

Mwasiti binti Alimasi